Nimeuziwa Wii U nusu Kariakoo. Hivi hii mashine ilidoda kwa nini?

#1 BabaPedi (Mbagala)

Habari za jioni wakuu.

Nina banda la gemu huku Mbagala, huu mwaka wa tisa. PlayStation 3 (PS3) nne zilizochipiwa zicheze gemu za kunakili, PS4 mbili, TV moja imepasuka kona. Jumamosi nilishuka Kariakoo kutafuta pedi za kuchezea gemu, nikakuta jamaa wa mitumba ya elektroniki ana mashine nyeusi ya Nintendo, imeandikwa Wii U. Anataka 90,000. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo, akasema, "Hizi hazina watu kaka, nimekaa nayo tangu Ramadhani." Tukaelewana 70,000, na waya wa HDMI juu.

Nyumbani nimechomeka, imewaka. Ikaniambia nibonyeze kitufe cha SYNC, nikabonyeza, zikaja alama nne za karata kwenye TV: uru, shupaza, shupaza, kopa. Inataka niziingize. Niziingize wapi? Mashine yenyewe ina vitufe vitatu tu mbele.

Lakini swali langu hasa ni hili. Nimesoma kwamba Nintendo hao hao walitoa Wii mwaka 2006 ikauzika kama njugu. Iliyofuata ndiyo hii, ikadoda. Kampuni ile ile, Mario yule yule. Walikosea wapi? Nauliza kwa maslahi yangu pia, nina vihela vya kuongeza mashine bandani na sitaki nidode nayo.

#2 Chumvi Kidogo (Tandika)

Uru, shupaza, shupaza, kopa... mzee umeuziwa karata za umeme. Nakaa hapa na kahawa yangu.

#3 FundiRisasi (Morogoro)

BabaPedi pole sana, umenunua nusu ya kitu. Wii U inakwenda na pedi yake kubwa yenye kioo cha inchi 6.2 katikati, inaitwa GamePad. Hizo alama za karata zinabonyezwa kwenye hicho kioo. Bila hiyo pedi hata hatua za mwanzo huzimalizi. Rudi kwa huyo jamaa kabla hajasahau sura yako.

Ukienda, geuza mashine usome stika ya chini: ya Ulaya, Marekani au Japani. Diski zake zimefungiwa eneo, na pedi kubwa nayo hivyo hivyo, ya Japani haiungani na mashine ya Ulaya.

Jibu la swali lako kuu umeshalipata mwenyewe. Mashine ambayo hata muuzaji hajui ina vipande vingapi, mnunuzi atajulia wapi?

#4 Baridi_Kali (Minneapolis)

Naongezea hapo kwa Fundi. Krismasi ya 2012 nilikuwa na kibarua cha msimu kwenye duka moja kubwa la elektroniki huku Minnesota. Wii U ilikuwa imeingia sokoni 18 Novemba. Tuliipanga rafu ya tatu, karibu kabisa na vifaa vya Wii ya zamani, kosa la kwanza hilo.

Siku moja amekuja bibi, mtu mzima, koti la bluu, theluji haijamyeyuka mabegani. Ameshika boksi. Ananiambia mjukuu wake tayari ana Wii, yeye anataka hiki kidude chenye kioo tu, bila mashine. Namwambia hakiuzwi peke yake, mama, na hii ni mashine mpya kabisa. Akageuza boksi, akalisoma mbele na nyuma, akaniuliza, "Sasa mbona wameandika Wii?"

Jibu sikuwa nalo. Nikaanza kumweleza kwamba rimoti zako za Wii zinafanya kazi humu, diski zako za Wii zinaingia humu. Kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyozidi kuamini kwamba ni kile kile alicho nacho. Akarudisha boksi, akachukua rimoti moja ya ziada ya Wii, akaenda zake. Bibi wa namna hiyo niliwapata wengi ule mwezi, sema huyo sikumsahau kwa ile theluji.

Na lawama si za madukani peke yake. Walipoionyesha mara ya kwanza kwenye maonyesho ya gemu ya E3 Los Angeles, Juni 2011, muda wote kamera ilikuwa kwenye pedi. Boksi lenyewe la mashine hukuliona vizuri. Wapo waliotoka pale wanadhani Nintendo imetoa tableti.

#5 Mvita_1 (Mombasa)

Jina, jina, jina. Wacheni hayo. Jina halijaiua mashine hata siku moja.

Mwataka kujua kwa nini? FIFA, ile gemu ya mpira. Wii U ilipotoka ilipewa FIFA 13. Mwaka uliofuata, FIFA 14, haikupewa. Na hapa ndipo mtashika vichwa: FIFA 14 ilitoka kwa PS2! Mashine ya mwaka 2000! Ikatoka na kwa Wii, yule baba mzazi. Mtoto mchanga wa mwaka mmoja, mwenye nguvu kuwashinda wote wawili, akanyimwa.

Na EA hao hao, waliokuwa wakitengeneza FIFA, kwenye hayo maonyesho ya 2011 anayoyasema Baridi, mkuu wao John Riccitiello alipanda jukwaani kuisifia mashine na kuahidi ushirikiano ambao haujawahi kuonekana. Ulionekana mwaka mmoja.

Sisi 2013 pale Majengo tulikuwa twacheza shilingi kumi mechi. Mwenye banda akikwambia nimeleta mashine mpya, swali la kwanza ni moja tu: ina mpira? Haina? Ipeleke kwenu.

#6 Tarakimu (Dodoma)

Nisaidie kuweka namba kabla watu hawajatoana macho.

Wii: milioni 101.63. Wii U: milioni 13.56, maisha yake yote hadi ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2017. Katika watu wanane waliokuwa na Wii, hata wawili hawakufikia kununua iliyofuata.

Ila angalieni mwenendo wake. Hadi 31 Machi 2013 Nintendo walitarajia kuuza milioni 5.5, wakauza milioni 3.45. Pungufu, lakini si maafa. Maafa yalikuja baada ya hapo. Aprili hadi Juni 2013, miezi mitatu, dunia nzima zilikwenda 160,000. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014 walisema wangeuza milioni 9. Januari wakashusha matarajio hadi milioni 2.8. Zikauzwa milioni 2.72.

Ndiyo maana nadharia ya jina hainikai vizuri. Jina lilikuwa lile lile Desemba na lile lile Mei. Mbona Desemba watu walinunua?

Baridi_Kali, 18 Novemba ni Marekani. Ulaya ilikuwa 30 Novemba na Japani 8 Desemba.

#7 Baridi_Kali

Sawa Tarakimu, nimekubali tarehe. Jina sikubali. Walionunua Desemba ni wale waumini wa Nintendo, wanaojua kila kitu kabla hakijatoka, hao hata ungeiita Sufuria wangepanga foleni. Walipokwisha hao ikabaki zamu ya bibi wa koti la bluu. Bibi hakuja.

#8 Chumvi Kidogo

"Nintendo Sufuria." Hiyo Mbagala ingeuzika, watu wangejua inapika.

#9 UyogaWaKijani (Arusha)

Mimi ninayo, bado inafanya kazi, na inaniuma kusoma hapa.

Mvita_1, kaka, si kila mtu duniani anaishi kwa FIFA. Wii iliuza milioni 101 na FIFA zake zilikuwa za kusikitisha. Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, nayo ilitoka Machi 2017, miaka kadhaa ikapewa FIFA ile ile iliyobadilishiwa jezi tu, na imeuza zaidi ya milioni 150. Nintendo hawajawahi kula kwa mpira.

Kilichoiua ni njaa ya gemu zao wenyewe. Fikiria umenunua Novemba. Una Nintendo Land iliyokuja na boksi, una Mario mmoja. Januari hakuna kitu. Februari tulikuwa tunasubiri gemu ya Rayman Legends, ilikuwa iwe ya Wii U peke yake, imebaki wiki tatu hivi wenye nayo, Ubisoft, wakasema ngojeni mpaka Septemba ili itoke na kwenye mashine nyingine. Machi tukapata Lego City. Pikmin 3 imekuja Julai kule Japani, Agosti Marekani. Sasa Tarakimu, hiyo Aprili mpaka Juni yako ya 160,000 iangalie vizuri: watu wangenunua wacheze nini?

#10 Tarakimu

UyogaWaKijani hapo umenigusa. Miezi inaoana.

#11 UmmuSalim (Muscat)

Assalamu alaykum. Mie si mtu wa gemu, nimeingia kwa kuwa nimeona hiyo pedi nikaikumbuka. Tulinunua Ruwi mwaka 2013, wanangu watatu wakiwa wadogo.

Nikwambieni tatizo lake nyumbani. Watoto watatu, pedi kubwa moja. Mwenye kuishika ana kioo chake, anaona vyake, wenziwe wamebaki na rimoti. Kila siku kesi. Nikasema nitanunua ya pili, dukani wakaniambia mama hii haiuzwi mbali, na hata ukiipata gemu za kuchezea mbili hakuna. Na chaji yake saa tatu, ukibahatika nne, basi ikawa imefungwa kwenye waya wake masaa yote kama mbuzi.

Mume wangu naye alitaka tupate cha kuangalizia DVD. Haichezi DVD. Alikasirika wallahi, maana PS2 ya nduguye ilikuwa ikicheza.

Halafu ikaja iPad. Watoto wakawa wanataka gemu ya Minecraft, na kwenye iPad ilikuwepo. Kwenye hii Nintendo wakasubiri, wakasubiri, ilipofika Desemba 2015 mkubwa wangu keshaota ndevu.

#12 Mvita_1

Mama UmmuSalim, shikamoo. "Kama mbuzi" umenimaliza.

#13 KobeMzee (Tanga)

Mnazunguka mbuyu. Ilikuwa dhaifu, basi. Novemba 2013 PS4 imetoka kwa dola 399, Wii U ikawa na mwaka mmoja tu na tayari imezeeka. Wenye kutengeneza gemu waliona hawana sababu ya kupunguza kazi yao ili iingie kwenye kimashine dhaifu kuliko hata PS3. Mwanzoni waliijaribu, wakaleta Mass Effect 3, Batman, Assassin's Creed III, zote zilikuwa zimeshatoka au zinapatikana kwingine. Nani anunue tena?

#14 FundiRisasi

Dhaifu kuliko PS3 si kweli mzee wangu, nimezifungua zote mbili. Wii U ina memori ya GB 2, moja kati ya hizo ni ya gemu. PS3 ina MB 512 jumla, tena zimegawanywa mara mbili. Chipu ya picha ya Wii U nayo ni ya kisasa zaidi. Ilipopwaya ni prosesa: kori tatu zenye kasi ya GHz 1.24, ukoo ule ule wa Wii na GameCube. Gemu iliyoandikwa kutegemea prosesa kali ikifika pale inahema.

Ila umesema kitu kuhusu pesa. Ilikuwa na bei mbili, dola 299.99 ile nyeupe ya GB 8 na 349.99 ile nyeusi ya GB 32. Na bado walikuwa wanaiuza kwa hasara, wenyewe walisema mpaka mteja anunue gemu moja ndipo wanaanza kuona faida. Kwa nini? Fungua pedi kubwa uone kilichomo. Kioo cha kugusa, kamera, spika, chipu ya kupokea picha bila waya, betri. Umetengeneza kitu cha gharama halafu chenyewe peke yake hakiwezi kufanya lolote.

#15 Tarakimu

Fundi, ongeza na hili ndipo picha ikamilike. 3DS, mashine yao ya mkononi, ilidoda vile vile mwaka 2011. Ilitoka Marekani Machi kwa 249.99, Agosti wakaikata hadi 169.99, na waliokwisha kuinunua wakapewa gemu 20 za bure kama pole. Ikafufuka, ikaishia milioni 75.94. Wii U ilipougua ugonjwa huo huo hawakuwa na nyama ya kukata. Septemba 2013 walipunguza dola 50 tu kwa ile nyeusi.

#16 KobeMzee

Na ndiyo maana Iwata akafukuzwa.

#17 UyogaWaKijani

KobeMzee futa hiyo. Satoru Iwata hakufukuzwa. Januari 2014 alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano, akabaki rais wa kampuni mpaka alipofariki 11 Julai 2015. Anayetafuta watu wa kuwasema kwenye huu uzi asimtafute huyo.

#18 KobeMzee

Nimekosea, samahani. Nilichanganya.

#19 Dogo wa Chipu (Mwanza)

Wazee mnaongea vitu vya Marekani, mimi naongea vya kitaa. Hiyo mashine haikuja huku kwa sababu wakati ule haikuchipika. PS2 ilitawala kwa CD za kuchoma, elfu moja gemu. PS3 unaletewa imechipiwa, diski ngumu ina gemu ishirini. Wii U unamwambia mtu akanunue diski halisi kwa dola 60, nani huyo?

#20 Tarakimu

Dogo, hiyo inaeleza Mwanza. Haielezi Chicago wala Osaka. Kule milioni 101 walinunua Wii kwa fedha halali, wakakataa iliyofuata kwa fedha halali.

#21 KobeMzee

Hapa najua, msinikatize. Dreamcast ya Sega. Ilitoka Japani 1998, Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199. Ilikuwa haihitaji hata chipu: unachoma CD, unaweka, inacheza. Kwa hesabu ya Dogo ilitakiwa itawale dunia. Iliuza karibu milioni 9, Machi 2001 ikaachwa, na Sega hawajarudi tena kwenye mashindano ya mashine mpaka leo. EA hawakuleta gemu hata moja. Na watu walikuwa wameshasikia PS2 inakuja, na PS2 inacheza DVD, kama shemeji yake UmmuSalim.

#22 Mvita_1

KobeMzee umesema "EA hawakuleta gemu hata moja." Asante. Kesi yangu nimeifunga.

#23 UyogaWaKijani

Hujafunga kitu Mvita. Nikupe mfano mmoja tu unyamaze. Mario Kart 8 ilitoka Wii U Mei 2014, ikauza milioni 8.46, yaani zaidi ya nusu ya wenye mashine walikuwa nayo. Gemu hiyo hiyo ikahamishiwa Switch ikaitwa Deluxe, imepita milioni 60. Njia zile zile, kobe wale wale. Switch yenyewe ni Wii U iliyoruhusiwa kutoka nje: kioo kile, ila mashine sasa imo ndani ya kioo, unaondoka nacho.

#24 Mvita_1

Subiri. Ulituambia Wii U imekufa kwa njaa ya gemu. Sasa watuambia gemu ilikuwepo, nzuri, ikauza mara saba kwingine. Ndugu yangu, umejifunga goli mwenyewe, tena kwa kichwa.

#25 UyogaWaKijani

Mei 2014 ilikuwa too late. Samahani, jua lilikuwa limeshazama. PS4 imo sokoni miezi sita. Gemu ikija msibani haimfufui marehemu.

#26 Chumvi Kidogo

Dakika ya 90, VAR inaangalia.

#27 BabaPedi

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Kesho naenda Kariakoo kudai pedi. Lakini mmeniacha njia panda kwenye lile la pili. Niongeze nini bandani? Kuna kijana ananishawishi PS5.

Hesabu yangu iko hivi. PS4 nilizonazo nachezesha 500 mechi ya dakika kumi, siku za shule zinakwenda mechi thelathini kwa mashine, Jumapili zaidi. Nikileta PS5 siwezi kupandisha ikawa 1,000, watoto watahamia banda la jirani. Kwa hiyo mashine ya bei mara tatu, kiingilio kile kile. Halafu luku.

#28 FundiRisasi

Na pedi zake. Stiki ya PS5 ikianza kutembea yenyewe, mchezaji anakimbilia kona bila kuguswa, kuipata huku si kama pedi ya PS3 unayookota sokoni. Wewe usikimbilie. EA mpaka FC 26, ile FIFA iliyobadilishwa jina, wameitoa kwa PS4. Siku watakapoacha ndipo utalazimika, kama walivyoiacha PS3 baada ya FIFA 19.

#29 Tarakimu

Na msisubiri ishuke bei kama zamani. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 Marekani waliipandisha hadi 549.99. Mashine ilikuwa na umri wa karibu miaka mitano ikapanda! PS2 kwa umri huo ilikuwa imeshaporomoka bei.

#30 Dogo wa Chipu

Wateja wangu nusu wanacheza eFootball kwenye simu, bure, nje ya banda langu, kwenye WiFi yangu. Sijui mnabishania mashine gani.

#31 UmmuSalim

Hahaha mwanangu, badili nywila.

#32 Baridi_Kali

Dogo amesema jambo ambalo tumelipita. Wii iliuzwa kwa watu wasiocheza gemu: bibi, mama, wazee wa kituo cha kulelea wazee wanarusha mpira wa bouling kwa rimoti. Hao mwaka 2006 hawakuwa na simu ya kioo. Ilipofika 2012 wanayo mfukoni. Bibi yangu wa koti la bluu, ukiacha hilo la jina, alinilipa na simu yake mkononi ikionyesha picha za huyo mjukuu. Pengine hata ningemweleza vizuri asingenunua.

#33 Mvita_1

Baridi sasa unaihama nadharia yako mwenyewe?

#34 Baridi_Kali

Siihami. Naitembelea jirani.

#35 BabaPedi

Wakuu nimerudi kutoka Kariakoo, kaeni vizuri.

Nimefika kwa yule jamaa, nikamweleza kuhusu pedi kubwa. Akacheka. Anasema, "Aah, ile tableti? Niliiuza kivyake." Alimuuzia mama mmoja wa Gongo la Mboto kwa 60,000, kama tableti ya mtoto. Nikaishiwa nguvu. Nikamuuliza namba ya huyo mama. Akaniambia namba ya nini, yule mama alirudi nayo baada ya siku mbili akaja na ugomvi: tableti haina mahali pa laini, haiingizi WhatsApp, inaonyesha tu picha ya TV na waya! Akarudishiwa hela zake nusu. Tableti ikatupwa chini ya meza, kwenye deli la chaja.

Tumechimbua deli pamoja. Tumeipata. Ina mkwaruzo mmoja, kalamu yake haipo. Nimeongeza 25,000 baada ya kelele. Stika zote mbili ni za Ulaya, Fundi nimeangalia.

#36 Baridi_Kali

Bibi aliitaka pedi bila mashine. Huyu mama akaipata pedi bila mashine. BabaPedi akapata mashine bila pedi. Sina la kuongeza.

#37 KobeMzee

Imeshika zile karata?

#38 BabaPedi

Haiwaki. Kitaa kidogo chekundu kinamweka mara moja kinazima. Ni betri?

#39 FundiRisasi

Imekaa miezi bila chaji, ichaji saa nzima usiiguse. Ila hiyo pedi ina adapta yake peke yake, si ile ya mashine. Zipo mbili. Na ukiletewa yenye maandishi ya volti 120 usichomeke, hiyo ni ya Marekani, nimeshazika moja hapa dukani kwangu ililia mlio mmoja tu.

#40 BabaPedi

Adapta mbili?!

Mwenye ya pili yuko wapi jamani. Niko tayari hata kwa 15,000. Au nirudi kwenye deli?

#41 Chumvi Kidogo

Rudi kwenye deli, mzee. Na ukiiona kalamu ichukue.